Dini ya Kumwaga Maji

Mtu mmoja wa Tukuyu alikuwa na binti, jina lake Atupele. Tukuyu mnaijua nyie? Kule mvua hainyeshi, mvua inakaa. Mtu anazaliwa, anaoa, anazeeka, na hajawahi kuanika shati likakauka siku hiyo hiyo. Maji kule hayana bei wala mwenyewe, yanakufuata mpaka chini ya kitanda. Hilo liwekeni kichwani, maana hapo ndipo binti wa watu alipopotelea.

Kanisa lao likamtuma Atupele nchi ya watu, kaskazini huko, mbali mpaka ndege anatua njiani kupumzika, akahubiri. Alikuwa bado mbichi kabisa, lakini moto wa dini aliokuwa nao ungeivisha sufuria ya maharage bila kuni. Akina mama wa kanisa walikuwa wanauza ndizi sokoni na kuchanga, wakisema sadaka hii iwapatie maji watu wa huko, maana tumesikia ni pakavu. Wakamwimbia binti, wakampandisha basi, wakalia.

Huko alikofika, bwana, ni jua tupu. Mbuzi wa kule anatafuna kivuli chake mwenyewe. Mto upo, lakini ni mto wa mchanga, unaweza kuulalia na usiamke umelowa. Wanawake wanachimba shimo kwenye huo mchanga, mmoja anaingia mzima mzima, anakaa chini anangoja maji yajikusanye, anayakwangua kwa kata. Kibuyu kimoja ni kazi ya asubuhi yote.

Na katikati ya ukavu huo kulikuwa na kituo cha misheni. Mkubwa wake alikuwa Mchungaji Erasto, naye wa huku huku kwetu, mtu wa shingo nene na ufunguo kiunoni. Ndani ya ua wake kulisimama tangi, ukiliangalia juu kofia inaanguka nyuma. Bowsa, lile lori la maji, lilikuja kulijaza kwa zile hela za ndizi. Tangi lilikuwa na kufuli. Na ndani ya kanisa mchungaji alijenga bwawa la ubatizo, saruji na vigae vya bluu, limejaa mpaka mdomoni, juu limefunikwa mbao. Lilikuwa linangoja watu wa kubatizwa. Watu wenyewe hawakuwepo. Jumapili utamkuta mchungaji, mkewe, mlinzi, na huyu binti anapiga ngoma mpaka viganja vinavimba, na ngoma inaitikiwa na mabenchi.

Kazi ya Atupele ilikuwa hivi. Alfajiri anaomba. Kukipambazuka anafagia kanisa, maana ufunguo wa mlango ule alipewa yeye pamoja na ufagio. Halafu anachukua Biblia anaingia boma hadi boma. Lugha yao aliimeza kama uji. Mchungaji alimwonya jambo moja tu, asinywe maji ya nje, yana minyoo.

Sasa watu wa kule wana desturi. Mgeni akiingia haulizwi habari, hasalimiwi hata kusalimiwa. Kwanza anapewa maji kwenye kibuyu, kwa mikono miwili, kimya. Akinywa, mwenye nyumba anakaa chini anamwambia, sasa sema ulichokuja kusema. Asiponywa hakuna atakayemwambia hivyo, hata akae pale mpaka aote mizizi. Na hawamkosoi mgeni. Kwao kumkosoa mgeni ni kumfukuza.

Hayo binti hakuambiwa. Kwao Tukuyu ukiingia nyumba ya watu unaletewa maji ya kunawa, maana ndizi na maziwa viko njiani. Nani Tukuyu atampa mgeni maji ayanywe, kana kwamba amekosa cha kumpa? Basi akipokea kibuyu anakiinamisha, ananawa vizuri, vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, kama alivyofundishwa na mama yake. Anakung'uta mikono. Anashukuru kwa tabasamu. Watu wanaangalia ile michirizi inavyoingia kwenye vumbi. Watoto wanaiangalia. Binti anafungua Biblia, anahubiri juu ya upendo, na hakuna anayekaa chini.

Alifanya hivyo boma kwa boma, tangu kiangazi kilipoanza mpaka kilipokomaa. Naye akaanza kukasirika. Akarudi kituoni siku moja akasema watu hawa mioyo yao ni mawe.

Mchungaji alifurahi. "Si nilikwambia? Hawa hata uwamwagie neno kwa ndoo, hawalowi."

Kulikuwa na bibi mmoja, Nakiru, ambaye Atupele alimtembelea kuliko wote, na ndiye aliyempa kibuyu kilichojaa kuliko vyote. Asubuhi moja akaenda kwake na hasira yake imeiva, akitaka amuulize uso kwa uso, kwa nini huji kanisani. Akakuta boma tupu. Akafuata nyayo mpaka mtoni. Wanawake walikuwa wamekaa ukingoni mwa shimo, na chini kabisa, utosi tu unaonekana, alikuwa bibi Nakiru anakwangua.

Binti akakaa kwenye foleni asiyoijua. Jua likapanda likamsimamia kichwani. Mwisho bibi akavutwa juu, magoti yamechubuka, nywele zimejaa mchanga, na kibuyu kimefika nusu. Akamwona mgeni. Akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili, kimya, kama siku zote.

Mikono ya Atupele ilikuwa imeshakinga kunawa. Ikasimama hapo hapo hewani.

"Bibi, haya ndiyo mliyokuwa mnanipa?"

"Mengine yako wapi?"

"Na mimi nikawa nanawa. Mbona hamkuniambia?"

Bibi Nakiru akafuta mchanga machoni. Wale wengine wakaanza kucheka chini chini.

"Tulidhani ndiyo dini yenu, mwanangu," akasema. "Kwenda kwa watu wenye kiu na kumwaga maji yao. Tukasema kila watu na Mungu wao, lakini huyo wa kwenu sisi hatumwezi."

Binti hakunywa. Aliona aibu kuyagusa. Akamrudishia bibi kibuyu kwa mikono miwili, akageuka, akatembea mpaka kituoni bila kuona njia. Alimkuta mchungaji anaosha gari. Povu lilikuwa limefika getini.

Akaomba ufunguo wa tangi. Akamweleza yote, shimo, magoti ya bibi, na zile hela za ndizi zilichangwa kwa kazi gani. Mchungaji akamsikiliza huku anafinya sponji.

"Maji haya ni ya kazi ya Bwana," akasema. "Wakiyataka waje wabatizwe. Bwawa limejaa, nani kawazuia? Na ufunguo huu ukiugusa, binti, lori la Jumatatu litakurudisha kwenu, na kanisa zima Tukuyu litajua umefukuzwa kazini mwa Mungu."

Hapo mjue aliyokuwa anayapoteza. Hakuna binti wa Tukuyu aliyewahi kutumwa. Baba yake alikuwa anatembea barabarani kifua mbele kama waziri. Kurudi na jina la kufukuzwa ni kumzika mzee akiwa wima. Atupele akaingia ndani, akapiga magoti, na sala ikakataa kutoka. Kila akifumba macho anaona vumbi linakunywa.

Ufunguo wa tangi hakuugusa. Huyo binti alikuwa mtiifu kuliko malaika. Lakini ufunguo wa kanisa alikuwa nao. Jumapili kukiwa bado na ubaridi akafungua mlango wa nyumba ya Mungu, akavuta mbao zile peke yake, zingewashinda wanaume wanne, akatoka akaenda mabomani akawaambia wanawake leteni vyombo.

Mchungaji alipokuja na suti yake, alikuta kanisa limejaa. Kwa mara ya kwanza tangu lijengwe mabenchi hayakuonekana. Mstari wa wanawake ulitoka bwawani, ukapita mbele ya mimbari, ukatoka mlangoni, ukaishia mabomani, na vibuyu, madumu, masufuria, ngozi za mbuzi vinapita mkono kwa mkono. Atupele alikuwa amesimama ndani ya bwawa, maji yamemfika kiunoni na yanashuka, anachota. Hakumwaga hata tone. Walioona wanasema sakafu ilibaki kavu, na mimi naamini.

Mchungaji akapiga kelele kwamba wananajisi. Wanawake wakampisha kwa heshima, maana ni mgeni, wakaendelea kupokezana.

Jumatatu lori likaja. Atupele akapanda juu ya magunia na kibegi chake, uso umevimba kwa kulia. Mchungaji alisimama getini kuhakikisha anaondoka. Dereva alipowasha, akatokea bibi Nakiru na wanawake wenzake nyuma yake. Bibi akainua kibuyu kwa mikono miwili, kimya.

Atupele akakipokea. Akakiweka mdomoni. Akanywa, taratibu, mpaka kibuyu kikasimama kichwa chini, akalamba na mdomo wa kibuyu. Hapo wale wanawake wote, jinsi walivyokuwa, wakakaa chini kwenye vumbi kulizunguka lori. Bibi Nakiru akakunja miguu yake yenye vidonda, akamwangalia.

"Haya, mwanangu. Sasa sema ulichokuja kusema."

Binti akafungua mdomo. Mchungaji akagonga bodi ya lori kwa ufunguo, dereva akakanyaga mafuta, na neno la kwanza likabaki kwenye moshi. Wanawake wakaendelea kukaa pale mpaka lori likapotea machoni, wakingoja.

Mchungaji Erasto hakufukuzwa na mtu. Alilijaza bwawa lile upya, akarudisha mbao, akanunua na kufuli la mlango. Maji yale yameota ukijani, vyura wanaimba humo kuliko kwaya. Basi nyie mnaotembea na funguo kiunoni na kujiita watumishi, siku mwenye maji atakapokuja kuuliza, mtamjibu kwamba bwawa lilikuwa limejaa?