Utafiti wa Maji ya Bwawa

Palikuwa na Sultani mmoja aliyependa elimu kuliko alivyopenda watu. Wataalamu wake walimwambia kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kama maji safi yana faida kwa watoto. Sultani akashtuka. Kumbe walimwengu wote wamekuwa wakinywa kwa kubahatisha!

Akatoa amri. Mtaa wa juu wanywe maji ya kisima. Mtaa wa chini wanywe ya bwawa, wanamooga ng'ombe. Baada ya miaka mitatu watoto wahesabiwe, ijulikane. Atakayevuka mtaa na ndoo, jela.

Katika mtaa wa chini aliishi mfinyanzi, Mize binti Makame. Mwezi wa pili tu, mjukuu wake alishikwa na tumbo la kuhara, akakonda hadi mbavu zikaonekana. Mize akajitwika mtungi mpya uliojaa maji, akaenda barazani.

"Nashika miguu, Mtukufu."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

"Nashukuru mno. Mjukuu wangu anaharisha kwa ajili ya elimu."

Wazee wa baraza wakakohoa, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Vumilia, bibi. Imebaki miaka miwili na miezi kumi."

"Yeye zimembakia siku, Mtukufu. Turuhusu kisimani."

"Nivuruge utafiti kwa mtoto mmoja?"

"Na akifa?"

"Atahesabiwa."

"Basi maji ya bwawa yana madhara?"

"Nani kasema? Hakuna ajuaye! Hata mimi sijui. Karani, andika: Sultani hajui."

"Andika kwa wino mzito," Mize akamhimiza. Kisha akautua mtungi. "Nimekuletea zawadi, Mtukufu."

Ada ya mji ule ilijulikana: mtungi mpya haupokelewi mpaka mpokeaji anywe maji yake ya kwanza mbele ya aliyeufinyanga. Akikataa, amemtukana. Sultani, mtu wa ada, akapokea kata, akaifikisha mdomoni. Harufu ikatangulia kufika.

"Umeyateka wapi haya?"

"Bwawani."

Kata ikaruka hadi ukutani. "Mwanamke we! Unataka kuniua?"

Mize akamgeukia karani.

"Futa ulichoandika, mwanangu. Sultani ameshajua, na hata funda moja hajameza."