Fisi Aliyekaa Nje ya Karamu

Paukwa.
Pakawa.
Kaondokea nani?
Kaondokea Fisi, kajenga kinyongo, kakaa.

Haya, sogeeni. Aliyenuniana na nduguye akae mbali kidogo, asije akadhani namsema yeye.

Fisi alikuwa na mama mgonjwa, na mdogo wake aliyepotea miaka mitatu akilewa ugenini. Siku mdogo huyo aliporudi, sikio moja hana, mbavu nje, mama akasema, "Chinjeni mbuzi. Nataka kuwaona wanangu wote kwenye sinia moja kabla sijafumba macho."

Desturi ya kwao, chungu cha karamu hagusi mtu mwingine mpaka mtoto wa kwanza ale tonge la kwanza na mama ampe radhi. Fisi akagoma. Akakaa nje, mvua inamnyea.

"Kuni nakata mimi. Maji nateka mimi. Mama namuuguza mimi. Leo mbuzi aliwe na mlevi?"

Ndani chungu, toko toko toko. Nje mate, do, do, do. Alilitaka paja zima, tena alitaka aombwe msamaha kwanza.

Akapita Kicheche. "Shikamoo, kaka. Mbona waloa?"

"Kuni nakata mimi. Maji nateka mimi."

"Kweli kabisa. Msafi kama wewe haketi na wakosaji. Ila chungu kikiungua utalaumiwa wewe. Nitume nikale tonge kwa niaba yako, ubaki na usafi wako."

Maneno hayo yalimwingia Fisi vizuri. "Nenda. Sema nimekutuma."

Akasikia mama akiita, "Mwanangu wa kwanza?"

"Labeka, mama," akaitika Kicheche.

Mama akaita tena. Kicheche akaitika tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo mno.

Fisi akaja mbio hadi mlangoni. Mdogo wake analia, ameushika mkono wa mama, naye mama keshafumba macho. Chungu kitupu.

"Macho yalikuwa hayaoni tena," Kicheche akasema, akijifuta mdomo. "Akanishika kichwa, akanipa radhi zako."

"Alisema nini?"

"Alisema umekonda."

Kicheche akaenda zake. Mdogo mtu akasogea mkekani, akamwachia nafasi. Fisi hakuingia.

"Kuni nakata mimi," akaanza, akakosa wa kumwambia. Mpaka leo hulia nje ya nyumba za watu, uuu-wi.

Fundisho: mwenye haki akae nje, hata akiitwa mara tatu. Ndani kuna wakosaji tu, na mama.

Ngano yangu naitua hapa mlangoni. Anayeweza, aingie nayo.