Nani Ampe Jina Mtoto wa Kombo?

Hapo zamani za juzi tu, Tanga, alikuwepo fundi cherehani aitwaye Kombo. Miaka tisa alijidunga unga, akiuchanganya na ndimu. Akaacha, akarudi. Akaacha tena, akarudi tena. Mtaa ukasema hana haya. Hata mimi nilisema, msinitazame hivyo!

Akaenda kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga. Nesi Leokadia akampa dawa kila asubuhi, na siku moja akamwambia, "Kaka Kombo, wewe si mtu mbaya. Unga umeacha alama ndani ya ubongo wako. Vinasaba ni vilevile ulivyozaliwa navyo, ila vingine vimefungwa, vingine vimeachwa wazi. Ndiyo maana ukinusa ndimu tu, mwili unadai. Alama hizo zinaweza kufifia. Zipe muda."

Kombo akalia. Kumbe hakulaaniwa!

Akamsimulia mkewe, Mwanatumu. Sasa huyu mama alikuwa muuza achari ya ndimu, biashara aliyoirithi kwa mama yake, sifa zake soko zima. Siku hiyohiyo akagawa ndoo zake zote, akaanza kuuza mkaa. Akachafuka mpaka kope, na hakunung'unika.

Mwezi wa nane tangu aanze dawa, hamu ikampanda Kombo. Huyoo, mbio kwa Sadala, rafiki yake wa kijiweni, ambaye bado anatumia. Sadala alibakiwa na kete moja tu ya unga. Akaitazama, akamtazama Kombo, akaitumbukiza chooni.

"Nenda zako, bwana! Mkeo mjamzito!"

Sadala akashikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, siku mbili, anatapika, anagaragara. Kombo akarudi nyumbani salama.

Alhamdulillahi, mtoto akazaliwa, na baba yake hajagusa unga tena. Tulifurahi, jamani, tulifurahi! Lakini Kombo na mdomo wake! Alikuwa amemwahidi kila mmoja kwa siri, nesi, mkewe na Sadala, "Mwanangu utampa jina wewe." Siku ya saba, mtoto ananyolewa, watatu wote wakasimama.

"Nisingemwambia kuwa anaweza kupona," akasema Leokadia, "angeshakata tamaa."

"Mimi nimemzaa," akasema Mwanatumu, "na biashara ya mama yangu nimeiacha kwa ajili ya baba yake."

Sadala akainamisha kichwa. "Ninyi mlimsaidia mkiwa wazima. Mimi nilikuwa naumwa ugonjwa uleule. Na sijui kama nitawahi kupata mtoto wangu."

Kombo anacheka, analia. Kinyozi ameshamaliza, na wote wanangoja jina.

Haya, nyinyi hodari wa kusema watu: mtoto huyu, nani anastahili kumpa jina?