Makangaga ya Nakijwa

Mtu mmoja wa milima ya Upare, jina lake Mbonea, alikuwa na mke aliyempenda, Nakijwa. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mparachichi mkubwa, na chini yake jua halikufika. Hata maharage yalikataa kuota pale.

Mwaka waliomzika Eliamani, mtoto wao wa pekee, Nakijwa alishuka kijitoni, akachimbua makangaga, mimea ipendayo unyevu na kivuli, pamoja na udongo wake, akayapanda chini ya mparachichi. Aliyafunika mashina kwa majani yaliyooza, akayanyunyizia maji kila asubuhi. Hayakutoa ua wala tunda. Lakini kiangazi kilipounguza bustani za majirani, yenyewe yalibaki kijani, na majani machanga yakakunjuka taratibu kama ngumi ya mtoto aliyelala. Nakijwa aliketi kati yake kimya, kisha akainuka kwenda kupika.

Mbonea aliumia kumwona hivyo. Watu wakamwambia, mkeo anazama, mtoe gizani. Naye hakuwa mtu mbaya. Nakijwa alipokwenda kumtazama dada yake, Mbonea alishika shoka akauangusha mparachichi, akapasua kuni, akapanda waridi. Mwangaza ulipojaa uani alifurahi, akawa anahesabu siku mkewe arudi aone.

Nakijwa alirudi siku ya sita. Makangaga yalikuwa yamekauka, yakisagika vidoleni. Alisimama, mzigo ungali kichwani, akasema:

"Baba Eliamani, hapa ndipo nilipokuwa nikipata nguvu ya kukupikia."

Hakulia wala hakumgombeza. Mbonea alishuka mwenyewe kijitoni, akaleta makangaga mengine, akayaezekea majani ya migomba. Hayakumaliza wiki mbili. Akapanda mche wa mparachichi, akijua kwamba kivuli chake huenda kikawakuta wamezeeka. Nakijwa aliumwagilia mche ule, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema. Lakini hakuketi tena uani, na jina la mtoto hakulitamka tena isipokuwa pale alipomwita mumewe. Kila alipoitwa, Mbonea aliitika kwa sauti ndogo.

Basi ninyi mnaokwenda kuwafariji waliofiwa: ni nani kati yenu aliyewahi kufika, akaketi, akanyamaza?