Mkono wa Bibi Ghalia Ndani ya Gunia

Wametusimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika milima ya Yemen, zama zile ambazo kahawa ya Misri, Sham na Bara Hindi ilitoka huko, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Ghalia binti Musaidi, Allah amrehemu. Mumewe alimwachia mibuni iliyopandwa kwenye ngazi za mawe ubavuni mwa mlima. Hakuwa na kitu kingine cha kumlisha yeye na binti zake.

Desturi ya soko la huko ilikuwa hivi. Gunia la buni linalokwenda baharini halishonwi mdomo mpaka muuzaji akunje mkono wa kanzu, aupenyeze mkono wake mtupu hadi kwenye kitako cha gunia, atoe konzi moja ya buni, aiweke juu mbele ya mnunuzi, kisha aseme: "Wallahi, chini yake ni kama juu yake." Hapo ndipo gunia hushonwa, na halifunguliwi tena mpaka ng'ambo. Kwa kiapo hicho watu walinunua kahawa ya watu wasiowajua na wakalala usingizi.

Lakini matajiri mnawajua. Ikafika siku wakaona kanzu zao za hariri ni nzuri mno kuingia katika magunia, wakaanza kutafuta mikono ya wengine iwaapie. Na mkono uliotafutwa kuliko yote ni wa Bibi Ghalia, kwa kuwa mumewe alikuwa amini wa soko, mtu ambaye kiapo chake kilikubaliwa na wote, na alipofariki wanunuzi walisema wanautaka mkono wa nyumba ileile. Naye hakuliapia gunia asilolifikia kitako.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha wakati usio wake, buni ikiwa imeanikwa juu ya mapaa. Ililowa ya tajiri na ya maskini, ikaota ukungu, ikawa nyeusi na kunuka uvundo. Bibi Ghalia naye hakusalimika, kwani aliyokuwa ameivuna mapema tu ndiyo iliyopona. Basi akatokea Hajj Abkari, bwana wa soko na mwenye ngamia wote wa njia ya bandarini, mtu ambaye tasbihi haikumtoka mkononi. Akainunua buni mbovu ya mlima mzima kwa bei ya kutupa, akaijaza chini ya magunia, na juu akaweka nzuri. Kisha akapanda mlimani, adhuhuri, hadi nyumbani kwa Bibi Ghalia.

"Bibi," akamwambia, "mnunuzi kutoka Misri amefika, na hamwamini mtu ila wewe. Kesho utakuja kuniapia magunia yangu. Tia mkono, lakini ukifika kiwikoni, simama."

"Na chini ya kiwiko kuna nini, Hajj?"

"Kuna riziki ya watu wote wa mlima huu. Usipoapa, wote tutakula hasara, na mimi sitakula peke yangu."

Bibi Ghalia akasema: "Mkono wangu haukufundishwa kusimama njiani. Ukinileta mbele ya gunia, nitafika kitakoni, na nitakachokikuta nitakisema. Ukitaka, usinilete."

Hajj Abkari akacheka. Aliwahi kuwasikia wengi wakisema maneno makubwa majumbani mwao, kisha wakanywea sokoni. Akaitazama ile mibuni, akasema: "Una miti mizuri. Itakuwa kuni nzuri pia." Akashuka zake.

Asubuhi Bibi Ghalia akaswali, akajifunga ushungi, akashuka na punda wake akiwa na gunia lake moja. Watu walipomwona walinong'onezana kwamba sasa amesalimu amri, na nani atamlaumu, mwanamke hana mume na ana watoto. Alipofika, Hajj Abkari akampokea kwa bashasha mbele ya mnunuzi wa Kimisri, jina lake Shahata.

Bibi Ghalia akaliendea gunia la kwanza. Akasema Bismillahi, akatia mkono. Ukapita kiwiko. Hajj Abkari akakohoa. Ukaendelea mpaka bega likagusa buni na shavu lake likalalia mdomo wa gunia. Akautoa, mkono mzima umepakaa weusi, akafumbua kiganja juu ya ile buni nzuri. Harufu ikawafikia hata waliosimama nyuma.

"Wallahi," akasema kwa sauti iliyosikika soko zima, "chini yake si kama juu yake."

Hajj Abkari akapandwa na hasira, akapiga kelele: "Na yako je? Mvua ilikuruka wewe peke yako? Mnaona anavyojitia mtakatifu!"

Bibi Ghalia akafungua gunia lake mwenyewe. Buni yake mbovu, yote aliyokuwa nayo, alikuwa ameiweka juu, nyeusi na ukungu wake, wala hakuna aliyehitaji kutia mkono ili aione. "Yangu ndiyo hiyo," akasema. "Nzuri iko chini, ni kidogo. Anayetaka na aondoe hii ya juu kwanza."

Shahata akaondoa ile ya juu, akachukua iliyobaki, na kwa Hajj Abkari hakununua hata punje.

Mnadhani walimbeba begani? La. Watu wa mlimani walimchukia, kwa sababu Hajj Abkari alizuia ngamia wake wasibebe mzigo wa yeyote, akasema mlaumuni Ghalia. Kisha akatuma watu na mashoka. Bibi Ghalia akasimama mlangoni akawatazama wakiangusha mibuni ya marehemu mumewe, akalia, wala hakuyaficha machozi yake. Mmoja wa wakataji akamwonea huruma: "Bibi, mwombe radhi Hajj, tutakuachia hii iliyobaki."

"Kata, mwanangu," akajibu. "Nimwombe radhi kwa lipi? Kwa kuwa nina macho?"

Sasa, Hajj Abkari alikuwa mtu wa soko. Aliijua kahawa ikiwa ndani ya gunia, lakini mbuni wenyewe hakuwahi kuupalilia. Akaamuru miti ikatwe usawa wa goti, ili kila apitaye aone visiki na ashike adabu. Angeamuru ing'olewe, kisa chetu kingeishia hapo.

Bibi Ghalia akauza bangili zake, akasuka vikapu, binti zake wakalala mara nyingine na njaa. Na kila alfajiri baada ya sala alichota maji akamwagilia visiki. Majirani wakamcheka: "Bibi, unamwagilia kuni!" Akasema: "Alichokikata Abkari ni cha Abkari. Kilichobaki ardhini ni amana ya Mola wangu, na sijaambiwa niiache ife kiu."

Mvua zilipokuja, visiki vikachipua. Machipukizi yakasimama, yakanenepa, na misimu ilipopita ile mibuni iliyokuwa imezeeka ikazaa kama mibuni michanga, matawi yakiinama kwa matunda. Mumewe enzi za uhai wake alitamani kuikata hivyo ili aifanye upya, lakini hakuthubutu. Nani huthubutu kuushikia shoka mti unaomlisha? Adui yake akamfanyia kazi hiyo bure.

Siku moja Hajj Abkari akapanda tena mlimani, safari hii kwa miguu, na mtu akimvutia punda mwenye gunia. Habari zake zilikuwa zimefika ng'ambo, na magunia yake yakawa yanaoza bandarini bila mnunuzi. Akasema bila kuinua uso: "Bibi, hii ni nzuri, nakuapia. Njoo sokoni unitilie mkono wako, nipate kuuza."

"Mimi mkono wangu nimeshautia," akasema Bibi Ghalia. "Kunja mkono wa kanzu yako, Hajj. Utie wako, mpaka chini."

Akasita sana, maana hakujua watumishi wake wameweka nini. Akakunja ile hariri, akatia mkono mpaka bega, akatoa konzi. Zilikuwamo punje nzuri na punje nyeusi za ukungu. Akazimwaga juu ya gunia na kusema kwa sauti ndogo: "Wallahi, chini yake si kama juu yake."

"Sasa tunaweza kwenda sokoni," akasema Bibi Ghalia, akafuata ushungi wake.

Nayaandika haya nikiwa Kagera, ambako buni tunaanika mbele ya nyumba zetu, na juzi nimemwona mtu wa safu ya kwanza msikitini akinyunyizia maji gunia lake ili lizidi uzito, kabla ya kulipeleka mizanini. Simtaji jina, naye akisoma atajijua. Ndugu yangu, gunia hilo litavuka bahari na litafunguliwa na watu usiowaona, nalo jingine, la matendo yako, litafunguliwa siku ambayo hakuna atakayekuapia. Kunja mkono wa kanzu sasa hivi, ukiwa bado na nafasi ya kuitoa mbovu na kuiweka juu.