Neno la Mzee Lwitiko

"Mwenye shida hutafuta kwa neno lake." Mmeisikia leo mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, niwape asili yake. Na wewe, simu weka chini.

Fundi Tusekile alikuwa ameandika kitabu cha kuendeshea pampu za maji, kurasa mia tatu. Ilibaki faharasa tu, ile orodha ya mwisho inayokuambia neno liko ukurasa gani. Bi Sigwava, aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, akataja ujira wake. Tusekile akaguna.

"Kupanga maneno tu? Kompyuta itanipangia bure, tena chai haijapoa."

Kweli, ikapanga. Naye akajiona mjanja!

Kiangazi kilipokaza, Mzee Lwitiko, mwendesha pampu wa kijiji cha Isangala, akaingia karakana ya Tusekile na kitabu kwapani. Hata kuketi hakutaka.

"Mashine ilichemka. Niizime, au niongeze maji? Nikatafuta *chemka* kwenye CH. Hamna!"

"Mzee wangu, iko kwenye K. *Kupata joto kupindukia*."

"Nani Isangala anasema hivyo? Na hiyo K yako ina kurasa tisa! Kufunga, kufungua, kukaza... Sijafika mbali, injini imeungua. Sasa wake zetu wanachota matope bondeni."

Tusekile aliona haya, jamani. Kila *ku* ilirundikwa pamoja, na maneno yenyewe yalikuwa yake, si ya mzee. Jioni hiyohiyo akamfuata Bi Sigwava na kumwomba radhi.

Mama yule hakuanza na kompyuta. Injini ilipokwisha kutengenezwa, alikwenda Isangala na daftari.

"Ikiumwa mnasemaje?"

"Inachemka. Inakohoa. Inavuta hewa."

Akaandika yote: *chemka* kwenye CH, *kohoa* kabla ya *koki*, kila moja na ukurasa wake.

Kiangazi kilichofuata pampu ilichemka tena. Mzee Lwitiko akafungua CH kwenye faharasa mpya, akasoma, akazima, akasafisha chujio. Adhuhuri maji yanatiririka, na Tusekile alipopata habari alipiga kigelegele katikati ya mafundi wake.

Kikaja kitabu cha mashine za kusaga. Meneja wa karakana akauliza, "Faharasa nayo tulipie? Maneno si tunayajua wenyewe?"

"Tunayajua yetu," akajibu Tusekile. "Mlipe Bi Sigwava, bosi. Mwenye shida hutafuta kwa neno lake."