Hina ya Bi Sange na Ghala la Jumbe Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kualikana harusi, homa iliingia katika kijiji cha Jumbe Nyati. Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, nataka kusikika.

Homa yenyewe ilikuwa mbaya. Alilala Ngiri, akalala Twiga, na mwisho akalala binti pekee wa Jumbe, akitetemeka tetetete hata kitanda kikawa kinasogea.

Jumbe akapuliza baragumu, puuuu! Kijiji kizima kikakusanyika uwanjani.

"Homa hii inaletwa na panya," akasema. "Na panya mkubwa kuliko wote hapa ni nani? Ni Mama Panyabuku. Harusi ya binti wa Kanga ikiisha, tunachoma shimo lake."

Mama Panyabuku alikuwepo na watoto wake. Akawavuta karibu naye.

"Jumbe, mimi nakula kokwa za porini. Kwako sijakanyaga tangu masika."

"Mkubwa ndiye mwenye kosa," akasema Kifaru, ambaye kufikiri sana kulimchosha.

Hapo akajitokeza Bi Sange, mganga wa kijiji. Alikuwa mdogo, mnaweza kumficha ndani ya kikombe, lakini pua yake ndefu ilikuwa haikosi habari.

"Shikamoo Jumbe. Panya wapo wengi, na homa hii ina kirusi, kitu kidogo hata Tai hakioni. Kinaweza kukaa ndani ya mnyama mzima wa afya, yeye asiumwe, akaugua jirani yake. Nipeni tone la damu ya kila mmoja. Ninayo majani yangu. Damu yenye kirusi huligeuza jani likawa zambarau. Damu safi, jani hubaki kijani."

"Hilo tone unalitoaje?" akauliza Kifaru.

"Kwa mwiba."

Vuuu! Uwanja ukabaki mtupu. Kifaru ndiye aliyetangulia, tena alipita katikati ya kichaka badala ya kukizunguka. Mnyama mwenye ngozi kama gome la mti, anakimbia mwiba! Jumbe peke yake alibaki, kwa ajili ya cheo, ila naye alikuwa anarudi kinyumenyume.

"Jumbe hachomwi mwiba," akasema. "Tutachoma shimo, yaishe."

Bi Sange hakubishana naye. Alikwenda zake nyumbani akatwanga hina, twi, twi, twi. Siku ya harusi akatandika mkeka mlangoni kwa Kanga, akaweka bakuli la hina, na vijiti vyembamba vyenye ncha, kimoja kwa kila mgeni. Chini ya mkeka alificha majani yake.

"Karibuni! Asiyepakwa hina, haingii kwenye pilau."

Ee bwana, foleni ilifika kisimani. Kifaru akanyoosha mguu.

"Nichoree maua. Aa! Mbona inauma?"

"Ndiyo inashika hiyo, kaka yangu. Hina isiyouma huoshwa na umande."

"Basi ongeza."

Tone moja, jani moja. Ngiri na Twiga nao walijikongoja na homa yao, pilau wasilikose. Hata vipanya wadogo wanaoishi ghalani kwa Jumbe walikuja, wanene, manyoya yanang'aa, maana walisikia habari ya pilau. Wakachorwa wote. Jumbe mwenyewe alikuja mwisho, akiona haya kidogo.

"Dume zima nipakwe hina?"

"Mgeni rasmi asipokuwa na hina, watu watasema hakualikwa."

Jumbe akaleta mguu upesi, akachorwa nyota juu kidogo ya kwato.

Mama Panyabuku alipofika, hakuangalia hina kabisa. Alimnong'oneza Bi Sange machozi yakimlengalenga. "Nimekuelewa, dada. Nichome vizuri. Sina ninachoficha."

Pilau likaliwa, masinia yakalambwa. Ndipo Jumbe akasimama. "Sasa twendeni tukachome shimo."

"Subiri, Jumbe," akasema Bi Sange, akafunua mkeka. "Kwanza tutazame majani."

"Majani gani? Damu umeipata wapi?"

"Tazameni hina zenu."

Kila mmoja akainua mguu wake. Kifaru alitazama maua yake, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa ameshachomwa, akaona hakuna haja tena ya kukimbia.

Jani la Mama Panyabuku lilikuwa kijani. Ya watoto wake, kijani. Jani la Ngiri lilikuwa zambarau, la Twiga zambarau, na yale ya vipanya wa ghalani yote zambarau tupu.

"Sisi?" wakasema vipanya. "Mbona hatuumwi hata mafua!"

"Hamuumwi, ila mnakibeba bila kujua, na kinatoka kwenye mkojo wenu. Ngiri, kabla ya kuugua ulikula nini?"

"Mahindi, bila kuyapika. Jumbe aliniletea ungo mzima kutoka ghalani kwake."

"Na mimi," akasema Twiga.

Wote wakamgeukia Jumbe. Kijijini kwao kila ghala lilikuwa na kifuniko cha nyasi, isipokuwa lake. Aliliacha wazi makusudi, apitaye aone mahindi yalivyofurika, na vipanya wakawa wanalala humo na kukojoa humohumo. Binti yake alikuwa akitafuna mahindi hayo kila asubuhi.

Jumbe aliinamisha pembe. "Mwanangu nimemuuguza mwenyewe," akasema. "Mama Panyabuku, nisamehe."

"Nimekusamehe. Njoo, nikusaidie kusuka kifuniko. Nina meno ya kukatia nyasi."

Mahindi yale yakafukiwa, ghala likasafishwa na kufunikwa, na vipanya wakahamia porini wakilalamika njia nzima. Bi Sange akawanywesha wagonjwa dawa zake, na ngoma ilipopigwa tena siku chache baadaye, binti wa Jumbe alikuwa tayari anacheza, ndi ndi ndi, vumbi limejaa uwanja.

Ila nyota ile haikutoka upesi mguuni mwa Jumbe. Kila alipoitazama, alikwenda kuhakikisha kifuniko kiko mahali pake.

Basi wanangu, kikulacho ki nguoni mwako: kabla hujachoma shimo la jirani, funika ghala lako.